Makasha Sita ya Juu

Moroni, Magoudjou
Jumapili, 6 Februari 1977

Da Nafissa,

Mfikishie mama mkubwa salamu zangu kabla hujaendelea kusoma, maana ukishika barua wewe husikii tena anayekuita. Nyonga yake imeanza kuunga? Usimruhusu akanyage ngazi hata akilia. Ni ngazi hizo zilizomwangusha.

Umeniuliza habari za kazi. Ni ile ile ya nusu siku. Asubuhi nazunguka maduka kumi na moja yanayochukua bidhaa kwa tajiri Fakri. Napangusa vumbi, nageuza kila kopo maandishi yamtazame mteja, la zamani naliweka mbele na jipya nyuma. Adhuhuri nimemaliza. Tangu meli ya Desemba ikose kuja, Fakri amenipa maagizo mengine, na amenikataza kuyasema. Siri ya kazi, hata kwako.

Ila nitakwambia hili: katika maduka yote, hakuna linalopendeza kama la mumeo. Nimelishughulikia siku mbili. Ukisimama kwenye uchochoro wa Badjanani ukalitazama, hutajua kwamba tuko mwaka huu wa uhaba. Shemeji Attoumane alikunja mikono akaniambia, "Shemeji, umeivika rafu kanzu, ndani hamna mtu." Nikamwambia, "Basi usiipulizie." Moindjié, yule fundi cherehani wa ng'ambo ya mlango, alicheka mpaka uzi ukamkatika. Hao wawili bado wanagombana juu ya baraza, nani aliyepitisha mguu upande wa mwenzake.

Watu wetu waliokimbia mauaji ya Majunga, kule Madagaska, wamelazwa kwenye madarasa. Watoto ni wengi. Kamati ya vijana inapita nyumba kwa nyumba kuomba mchele na maziwa. Badjanani mkuu wao ni Nouriat, msichana wa miaka kumi na saba, baba yake ni wa kule kwetu Unguja. Haombi mara mbili.

Mdogo wako,
Housna


Mutsamudu
Ijumaa, 11 Februari 1977

Mdogo wangu Housna,

Mama hajambo kwa kiasi. Anakunywa chai ya rangi asubuhi, chai ya rangi jioni, kwa kuwa Mutsamudu nzima hakuna kopo la maziwa. Mganga amesema mifupa ya mzee inataka maziwa. Nimemwambia mganga anionyeshe ng'ombe.

Jana kaja Combo, yule anayepakia mizigo ya ndege za Moroni. Nikamuuliza habari za Badjanani. Akasema, "Shangazi, wewe unalia nini? Duka la mumeo nimelipita kwa macho yangu. Maziwa yamepangwa mpaka darini, na juu kuna makasha ambayo hata hayajafunguliwa." Nilimwambia ni mwongo. Kisha ikafika barua yako inayosema duka linapendeza kuliko yote.

Basi mwambie Attoumane maneno haya kama nilivyoyaandika. Mke wake anajua kwamba ana maziwa mpaka darini. Anajua yapo makasha yaliyofungwa. Kama anayangojea yapande bei, ayangojee, lakini mama mkwe wake amelala chali na yeye ameshindwa kumpa Combo makopo mawili aje nayo. Miaka kumi na mmoja nimekaa naye, sikujua kwamba ni mtu wa kuficha chakula.

Combo ananiambia tuandike Kifaransa, ati barua za Kiswahili zinachelewa uwanja wa ndege. Mimi na wewe tulifundishwa kuandika darasa moja, Unguja, kwa chaki moja iliyokatwa vipande viwili. Sibadilishi leo.

Dada yako,
Nafissa


Moroni
Jumapili, 20 Februari 1977

Da Nafissa,

Kaa chini kwanza. Attoumane yu hai na mzima. Nilimwona jana.

Nitakueleza kwa mpangilio. Jumanne tarehe 15, saa nne asubuhi, Nouriat aliingia dukani na wenzake watano. Mimi nilikuwa mlangoni, kitambaa cha vumbi mkononi. Walihesabu makopo ya rafuni: thelathini na mawili. Kisha Nouriat akatazama juu, kwenye makasha sita yenye maandishi ya makopo arobaini na manane kila moja. Akapiga hesabu kichwani. "Mia mbili themanini na nane," alisema. "Na watoto wa Majunga wanakunywa maji ya mchele."

Attoumane akamwambia, "Panda uyashushe."

Wakayashusha. Yote sita yalikuwa yamefungwa kwa gundi, kingo zote. Wakakata la kwanza. Tupu. La pili tupu. Mpaka la sita.

Nouriat hakupiga kelele. "Maziwa umeyahamishia wapi?"

"Hayakuwahi kuwemo."

"Nani anayefunga kasha tupu kwa gundi?"

"Mimi," alisema Attoumane. "Nilikuwa sina kazi siku hiyo."

Vijana walicheka. Nouriat hakucheka. Walimchukua.

Mchana anabeba mawe kwenye barabara ya Vouvouni, jioni anafungiwa kwenye chumba nyuma ya shule. Amepewa mpaka Ijumaa, tarehe 4 Machi, aseme maziwa yako wapi. Akinyamaza watampaka masizi na kumzungusha mji mzima, na duka litakuwa la kamati. Makopo thelathini na mawili yamekwisha kupelekwa kwa watoto.

Barua yako ya tarehe 11 imenifikia leo. Imekaa njiani siku tisa. Kwa hiyo sikuwahi kumpa maneno yako.

Usije. Humfai kitu hapa, na mama hawezi kubaki peke yake.

Housna


Mutsamudu
Ijumaa, 25 Februari 1977

Housna,

Hii Combo anakuletea mkononi, haipiti kwenye mfuko wa posta. Ukiisoma ichome.

Nimeisoma barua yako mara nne. Inasema saa, inasema hesabu, inasema nani alicheka. Haisemi jambo moja ambalo mtu yeyote angeliuliza kwanza: nani aliwaambia? Maduka ya Badjanani ni mengi. Kwa nini waingie moja kwa moja kwake na watazame juu?

Mimi namjua. Ni Moindjié. Anakaa mlangoni pale kutwa nzima, anaona kila kinachoingia. Miaka miwili wanagombania baraza. Sasa baraza lote ni lake, aweke cherehani mbili akitaka.

Na Attoumane naye, mwambie akomeshe ukaidi. Maziwa ayatoe. Kasha halijifungi lenyewe kwa gundi. Mtu akifunga kasha tupu amefanya hivyo ili kasha lionekane halijaguswa wakati vilivyomo vimekwenda. Mimi si mtoto. Sijali ameyaweka wapi, ayatoe arudi nyumbani.

Kama hasemi, mimi nitasema langu. Soilihi, nduguye Moindjié, anakaa hapa, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Chumba chake cha nyuma kimejaa majora ya vitambaa tangu kabla ya uhuru. Nimeyaona, mke wake alinionyesha tulipokuwa marafiki. Alhamisi tarehe 3 asubuhi nitakwenda kwa kamati ya hapa. Nitawapa bidhaa iliyofichwa kweli, wao wazungumze na wenzao wa Moroni wamwachie mume wangu. Jicho kwa jicho.

Lakini sitaki kumdhulumu mtu. Kama najidanganya, niandikie kabla ya Alhamisi. Wewe ulikuwepo. Nataka jina moja tu.

Nafissa


Moroni
Jumatano, 2 Machi 1977, saa tano asubuhi

Da Nafissa,

Bahasha hii sikuifunga. Barua iliyofungwa inakaa uwanjani siku tano ifunguliwe na kusomwa. Iliyo wazi wanaipitisha. Combo harudi zamu mpaka Jumapili, na mfuko wa leo unaondoka saa nane. Kwa hiyo naandika haraka, na naandika tu yale ambayo anayetaka anaweza kuyasoma.

Ulilokusudia kesho, usilifanye. Ukisoma sentensi hii ukiwa mlangoni, rudi ndani uvue viatu.

Moindjié hakusema neno. Tangu Attoumane achukuliwe, yeye ndiye anayempelekea chakula. Kila adhuhuri anafunga cherehani, anatembea mpaka Vouvouni na sufuria ndogo kichwani, na anarudi kwa miguu. Mimi sikukwambia kwa sababu ningekwambia hilo ungeniuliza la pili.

La pili ni hili. Makasha yale niliyafunga mimi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya kazi. Makopo yakiwa machache, nayavuta yote mpaka ukingoni mwa rafu, moja moja, nafasi ya vidole viwili kati yao. Nyuma hamna kitu. Anayesimama nje haoni nyuma. Makopo thelathini na mawili yanajaza rafu mbili ndefu. Rafu ya juu naiwekea makasha matupu, nayafunga kwa gundi ya unga wa muhogo ili vifuniko visilegee. Fakri alisema duka likionekana tupu watu watagombania kopo la mwisho kwa ngumi. Nilimwona ana maneno ya busara. Na nilipenda jinsi linavyoonekana, sitakuficha. Katika maduka mengine sikuweka makasha. Kwa mumeo niliweka sita kwa sababu ni la kwetu.

Nilikuwa nimesimama pale aliposema "Mimi." Alinitazama mara moja, kisha akatazama pengine. Nilinyamaza siku kumi na tatu.

Nilipopata barua yako Jumapili, Jumatatu nilikwenda kwa Nouriat. Nikamweleza. Hakuniamini.

"Fundi gani wewe wa kujaza duka kwa makasha matupu?" aliuliza. "Shemeji yako amekutuma."

"Nipe duka na makopo kumi," nikamwambia.

Jana asubuhi alinipeleka dukani. Kamati nzima ilikuja, na nusu ya Badjanani. Aliwatoa wote nje akafunga mlango, akanipa makopo kumi aliyoazima shuleni. Nilifanya kazi muda wa kuchemsha chai. Kisha akafungua mlango, akawaambia walio nje, "Kadirieni ni mangapi mkiwa huko huko, asiingie mtu." Mmoja akasema arobaini. Mwingine akasema hamsini na zaidi, pamoja na makasha. Bibi mmoja akalia, "Wezi! Yalikuwa wapi haya yote?"

Nouriat akaingia akapitisha mkono nyuma ya makopo. Mkono ulipita kutoka mwanzo wa rafu mpaka mwisho bila kugusa kitu. Akaurudisha. Akautazama.

"Kwa hiyo hakuna maziwa," alisema.

"Hakuna."

Nadhani hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa amewaahidi wale watoto.

Akanipeleka ofisini kwao, akanifungulia jalada la Attoumane. Nilitaka kujua kama wewe: nani aliwaambia? Ndani kulikuwa na karatasi moja, imenakiliwa kwa mwandiko wa Nouriat mwenyewe, kwa Kiswahili. Nilisoma mstari wa kwanza nikajua umetoka wapi. "Mke wake anajua kwamba ana maziwa mpaka darini. Anajua yapo makasha yaliyofungwa."

Da Nafissa, ni barua yako ya tarehe 11. Waliifungua uwanjani, na hawakuwa na mwingine wa kusoma Kiswahili ila yeye. Waliipitisha kwangu baadaye, imefungwa upya. Niliona gundi si yako siku ile ile iliyofika. Sikukwambia.

Uliniomba jina moja. Yako mawili, langu na lako, na langu ndilo la kwanza. Usilitafute la tatu.

Attoumane ataachiwa leo alasiri. Mimi nimehukumiwa kuzunguka maduka yote kumi na moja na kamati, nirudishe makopo nyuma watu wakitazama, kila duka lionekane jinsi lilivyo. Kisha kila asubuhi, miezi mitatu, kugawa chakula kwenye madarasa. Fakri amesema hanijui. Kwa hiyo bado nina kazi ya nusu siku.

Rudi ndani.

Housna


Mutsamudu
Jumatatu, 7 Machi 1977

Mdogo wangu,

Combo ananisubiri, kwa hiyo nitaandika yaliyopo.

Alhamisi niliamka nikamlisha mama. Niliondoka nyumbani saa tatu. Saa nne nilikuwa nimekwisha kusema. Tarishi alibisha hodi alasiri, baada ya sala, na barua yako mkononi, wazi kama ulivyoiacha. Nafikiri na yeye aliisoma njiani, maana hakunitazama usoni.

Wewe uliniandikia zikiwa zimebaki saa tatu mfuko uondoke. Sikulaumu kwa saa hizo. Nakulaumu kwa zile siku kumi na tatu. Nikishamaliza kukulaumu, naisoma tena barua yangu ya tarehe 11 ndani ya barua yako.

Walikwenda kwa Soilihi mchana ule ule. Majora ishirini na sita. Waliyatoa moja moja mpaka barabarani, yale ya chini yamekwisha kuliwa na panya. Mke wake alisimama dirishani. Aliniona, nami nilikuwa napita kutoka sokoni. Sijui kama alijua. Soilihi wamempeleka, hatujaambiwa wapi.

Ijumaa nilirudi kwa kamati. Niliwaambia nimekosea, nilisema kwa hasira, mtu yule ni mwema. Wakaniuliza, "Vitambaa vilikuwepo au havikuwepo?" Nikasema vilikuwepo. Wakaniambia, "Basi umekosea nini, mama? Ahsante."

Wewe ulikuwa na rafu tupu ya kuwaonyesha. Mimi sina.

Attoumane ameniandikia mistari mitatu. Amerudi, mgongo unamuuma, Moindjié amemkandia kwa mafuta. Hakutaja barua yangu. Ama hujamwambia, ama amejua na amefanya kama alivyokufanyia wewe. Tafadhali usimwambie. Ama mwambie. Sijui tena kipi ni sawa.

Soilihi ana kifua. Analala akiwa ameegemea mto, akilala chali anakosa pumzi. Kama Nouriat anaweza kuandika neno kwa wenzake wa huku, muombe.

Nafissa


Moroni
Jumapili, 13 Machi 1977

Da Nafissa,

Nilimwomba Nouriat. Amesema Mutsamudu wana kamati yao. Nikamrudia juzi, akasema vile vile, lakini mara hii aliandika jina la Soilihi kwenye kiganja chake kwa kalamu. Zaidi ya hapo sijui.

Maduka kumi na moja nimeyamaliza. Nilianza kwa mumeo. Niliposogeza makasha yale, Attoumane akaniambia, "Acha moja, nitalikalia." Analikalia mpaka leo, katikati ya duka ambalo halina kitu cha kuuza. Sikumwambia habari ya barua yako. Kama anajua, haonyeshi.

Sasa nisikilize vizuri, na soma polepole.

Naandika haya barazani kwangu, Magoudjou, na Moindjié amekaa mbele yangu, dhiraa moja. Habari za nduguye zimemfikia jana. Amekuja tangu asubuhi, amevaa kanzu ya Ijumaa. Yeye anasoma herufi za Kiarabu, hizi zetu hazijui, wala Kiswahili hakisemi ila salamu. Ameniomba nimwandikie kwako, na anadhani kila ninachoandika hapa ni maneno yake. Nikisimama kufikiri ananiambia, "Andika tu, binti, usione haya kwa ajili yangu."

Maneno yake ndiyo haya. Anakusalimu wewe na mama mkubwa. Anasema asikusumbue, ila Mutsamudu hana mtu mwingine anayemwamini. Anasema kuna aliyekwenda kwa kamati Alhamisi ya tarehe 3, saa nne asubuhi, na watu wanasema ni mwanamke. Wewe unakaa nyumba chache kutoka pale, na wanawake wanakuambia mambo. Hataki kisasi. Anataka kujua tu alimkosea nani, aende akamtake radhi, labda mtu huyo akirudi kwa kamati na kusema mwenyewe, Soilihi ataachiwa, kama mimi nilivyofanya kwa Attoumane. Amerudia mara mbili: "Kama wewe ulivyofanya."

Nimemuuliza ni hayo tu. Amesema ni hayo tu. Anataka jina moja.

Amenipa sufuria ile ndogo niioshe, ni yangu, alisahau kuirudisha. Ameomba pia aifunge bahasha mwenyewe, asije mtu akaisoma njiani. Nimempa gundi. Anaipaka kwenye ukingo kwa kidole, taratibu, kama anavyopaka chaki kwenye pindo, na ananiuliza jibu litachukua siku ngapi.

Nimemwambia inategemea na wewe.

Housna